Barua ya wazi kwa vijana wa kompyuta wa Kijitonyama

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Juzi nilikaa nyuma ya mmoja wenu akihangaika na hitilafu ya programu saa mbili nzima. Anabadilisha mstari huu, anajaribu. Anabadilisha ule, anajaribu. Mwisho ikakubali. Nikamuuliza, kumbe ilikuwa nini? Akacheka: "Sijui mzee, ila imekubali."

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Niliwahi kuliandikia programu ya mauzo duka moja la dawa linalokesha, Kariakoo. Keshia alikuwa anafunga hesabu saa sita usiku, na jumla ya siku haikubaliani na pesa za droo hata siku moja. Nikamshuku yeye, Mungu anisamehe. Nikaandika upya kodi ya kujumlisha (maagizo ya programu, siyo kodi ya TRA), wiki ikakatika, kosa liko pale pale. Siku hiyo nikaacha kibodi, nikazipanga risiti juu ya kaunta moja moja, kalamu mkononi. Zilizohamia siku ya nyuma zote zilikuwa za kati ya saa sita na saa tisa usiku. Muda wa saa 3 kamili! Seva, kompyuta inayotunza hesabu, ilikuwa inahesabu siku kwa saa za UTC, saa za kimataifa, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Kwetu tarehe imeshageuka, kwake ndiyo kwanza saa tatu usiku ya jana. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja.

Kabla hujagusa kodi, ifanye hitilafu ijirudie mbele ya macho yako. Kama huwezi kuiita ikaja, bado hujaijua, na hata zile roboti za kujibu maswali zitakubahatishia tu.

Halafu mwangalieni fundi bomba. Maji yakivuja hachimbi uwanja mzima. Anafunga koki ya katikati, anajua ni upande upi. Mwezi jana programu ilikuwa nzima, leo mbovu, na katikati mmeingiza mabadiliko 1,000? Jaribuni la 500. Likiwa zima, kosa liko mbele yake. Mkigawa nusu hivyo, mara 10 hivi mmelishika. Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya kodi, ina amri ya kazi hiyo, bisect, na wengi wenu hamjawahi kuigusa.

Yule wa juzi nimemwambia airudishe ile hitilafu yake. Ameanza asubuhi, hajatoka hata kunywa chai.

Mzee wenu