Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Wakufunzi wa Uhandisi Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya kamati, ziara ya wanafunzi Daraja la Kigamboni, ufuatiliaji wa walioko mafunzo kwa vitendo. Zilifanyika, sitawachosha.

Nije kwenye semina ya mbinu za kufundisha, iliyozua maneno. Kamati iliamua, na aliyeshikilia bango ni mimi, kwamba safari hii hakuna ukumbi wa hoteli wala mada za kusomewa kwenye slaidi. Tulikutana karakana, posho ikawa nauli tu, na kila mkufunzi akakaa kama mwanafunzi. Wapo waliosema tumewadhalilisha.

Swali la kwanza lilikuwa hili: kibaraza cha zege kinachoning'inia bila nguzo mbele, nondo kuu ziwe juu au chini? Unanyanyua kadi kimya, unabishana na jirani, unapiga kura tena. Kadi za "chini" hazikuwa chache, na sitamtaja mtu. Baada ya mabishano karibu zote ziligeuka, maana juu ndiko zege linakovutwa, na zege kwa kuvutwa ni dhaifu. Mtoa mada hakuwa amefungua mdomo. Njia hii ya kupiga kura, kubishana na kupiga kura tena, profesa wa fizikia Eric Mazur aliianza Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991, tena kwenye darasa kubwa la fizikia, kwa hiyo kisingizio cha wingi wa wanafunzi hakina mashiko.

Kuna waliolalamika kwamba hawakujifunza kitu. Utafiti uliochapishwa 2019, wa huko huko Harvard, ulionyesha wanafunzi wanaoshughulishwa darasani hujiona wameambulia kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu, lakini kwenye mtihani wanawazidi. Uchambuzi wa 2014 wa tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati ulikuta waliofeli kwenye mihadhara ni karibu asilimia 34, na kwenye madarasa shirikishi karibu 22. Uamuzi ule nausimamia.

Kinachosikitisha ni mahudhurio. Wanachama 84, waliofika 29, na baadhi yao wakaaga mara tu baada ya pilau. Waliolipa ada ni 31. Waliotoa maoni kuhusu semina kwenye WhatsApp ni wengi kuliko hao wote! Kadi na mbao nilizigharimia mwenyewe. Risiti anazo mhazini kwa anayetaka kuziona.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuipanua semina na pengine kumpata mfadhili. Siku ya mkutano mkuu mhazini atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti