Kazi ya kemia: someni kabla hamjatuma majibu

Habari zenu wote. Tuanze na swali la 3, la kusawazisha mlinganyo wa alumini na oksijeni, ndilo linalowaangusha wengi. Alumini (Al) ina valensi, yaani uwezo wa kuungana, 3, oksijeni (O) 2. Zibadilishaneni namba hizo mpate Al₂O₃. Sasa mlinganyo: Al + O₂ → Al₂O₃. Oksijeni kushoto ziko 2, kulia 3. Kigawe kidogo cha shirika ni 6. Basi wekeni 3O₂ kushoto na 2Al₂O₃ kulia, kisha sawazisheni alumini mwishoni:

4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃

Kuna walioandika AlO₂ ili hesabu ikae sawa. Hapana jamani! Namba ndogo ya chini haiguswi, ukiibadilisha umetaja kitu kingine kabisa. H₂O (maji) mnakunywa, H₂O₂ (hidrojeni peroksaidi) msijaribu.

Swali la 5, unga wa chuma na salfa: FeS itapatikana gramu ngapi? Vikikorogwa tu ni mchanganyiko, sumaku inavuta chuma chote. Vikipashwa moto vinaungana kuwa FeS (salfidi ya chuma), kwa uwiano wa masi wa 56:32, yaani gramu 7 za chuma kwa 4 za salfa. Mtego uko hapa: swali limetoa gramu 10 za chuma na 4 za salfa. Salfa inaisha kwanza, FeS ni gramu 11, na gramu 3 za chuma zinabaki, hivyo sumaku bado itavuta kidogo. Jibu la gramu 14 si sahihi.

Kutenganisha chumvi na mchanga ni rahisi: maji, koroga, chuja, vukiza.

Tumeni picha yenye hatua zote, si jibu tupu.