Mwanangu, usilitaje jina lile

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na fedha za miwani nimezipata pia, Mungu akuzidishie. Miwani yenyewe sijaenda kupima. Daktari wa macho anapokea watu asubuhi, nami asubuhi zote hizi nimelala, kwa kuwa usiku nakesha nikisoma mambo yako.

Nina siku nne natafuta namna ya kukwambia. Kwa simu ningeanza vizuri, wewe ungenikatiza, "Mama, huelewi," nami ningenyamaza tuzungumze habari za mvua. Kwenye karatasi hutanikatiza.

Nimesikiliza kipindi chako, sehemu zote tano. Mdogo wako aliniwekea kwenye simu akijua nitafurahi, na kweli nilifurahi, maana sauti ile ni ya babu yako, aliyekuwa akisimulia watu wakasahau kwenda kulala. Unajua kunyamaza panapostahili. Hilo hukufundishwa na mtu. Lakini sehemu ya tano niliirudia mara tatu, hasa mwishoni, unaposema Ijumaa ijayo utamtaja aliyemuua JonBenét Ramsey, yule binti mdogo wa Marekani, bila kumung'unya maneno. Baba yangu, usimtaje. Nimeliandika mapema ili hata ukiichana barua hapa, hilo uwe umekwisha kulisoma.

Unayetaka kumtaja namjua. Umemzunguka tangu sehemu ya tatu kama mwewe anavyozunguka kifaranga. Ni kaka yake. Usiku ule wa Krismasi ya 1996, kule Boulder, Colorado, alikuwa na miaka 9, na mdogo wake 6. Leo ni mtu mzima, yuko hai, hajawahi kushtakiwa, na mwaka 1999 ofisi ya mwendesha mashtaka ilitamka wazi kwamba si mshukiwa. Hilo hukulisema. Nilisubiri ulitaje, sikulisikia. Mimi jina lake siliandiki humu, na wewe usilitamke huko.

Umekaa dakika ishirini kwenye bakuli la mananasi. Tumboni mwa marehemu kulikuwa na mabaki ya nanasi, na bakuli la mezani lilikuwa na alama za vidole za mama na za huyo kaka. Umelieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikashika kichwa. Kisha nikaenda jikoni kwangu kutazama vyombo. Bakuli lipi humu ndani halina vidole vyako, mwanangu, na ulihama mwaka gani? Alama ya kidole cha mtoto kwenye bakuli la kwao inasema mtoto huyo anakaa pale. Lingine lolote umeliongeza wewe, kwa ile sauti yako nzuri.

Na barua ya kudai fedha za kumkomboa mtoto: kurasa mbili na nusu, zimeandikwa kwenye karatasi zilizochanwa katika daftari la mle mle ndani, zinadai dola 118,000, karibu sawasawa na bonasi aliyopewa baba kazini mwaka ule. Najua kwa nini inakutesa, hata mimi imenitesa. Sikatai kwamba ni ajabu. Ninachokataa ni kwamba ajabu ni ushahidi dhidi ya mtoto wa miaka 9.

Ungekaa dakika ishirini kwenye siku ya kwanza ningekupigia makofi. Mama alipiga simu polisi saa kumi na mbili kasoro dakika nane alfajiri. Marafiki wakaja kuwafariji, wakaachwa wazunguke ndani ya nyumba. Nyumba haikukaguliwa yote. Mpaka saa saba mchana, askari mmoja aliyebaki peke yake akamwambia baba na rafiki yake waangalie kama kuna kisicho cha kawaida. Baba akashuka chini, akamkuta mwanawe amekufa, akambeba mikononi hadi juu. Mzazi gani asingembeba? Lakini hapo ndipo mengi yalipopotea, na kila mtu tangu siku hiyo anaziba tundu lile kwa maneno yake. Nawe umeleta ya kwako.

Halafu tabasamu. Unasema kaka yule alipohojiwa kwenye televisheni mwaka 2016 alikuwa akitabasamu, na ukanyamaza, ukaacha watu wamalizie. Hapo nilizima simu nikatoka nje.

Nikuambie habari ya mama mmoja wa Australia, Lindy Chamberlain. Agosti 17, 1980, karibu na mwamba wa Uluru, alipiga kelele kwamba dingo, yule mbwa mwitu wa kwao, amemchukua kichanga wake wa wiki tisa kutoka hemani. Watu walimtazama kwenye televisheni, hakulia, basi akawa muuaji. Wakasema jina la mtoto, Azaria, maana yake ni kafara ya jangwani, na si kweli. Mwaka 1982 akafungwa maisha. Alikuwa na mimba. Akajifungua akiwa kifungoni na kichanga akaondolewa. Kile walichokiita damu ya mtoto ndani ya gari, kumbe kwa sehemu kubwa ni dawa ya kupunguza kelele iliyopuliziwa kiwandani. Mwaka 1986 likaokotwa koti la mtoto karibu na mapango ya dingo, ndipo wakamfungulia. Hukumu ikafutwa 1988, na cheti cha kifo kikaja kuandikwa sawasawa mwaka 2012. Miaka 32, mwanangu. Na hapakuwa na mauaji kabisa. Mauaji yalikuwa vinywani mwa watu.

Huyo hakulia, wakamwona muuaji. Huyu katabasamu, mnamwona muuaji. Uso wa mfiwa ukae vipi ndipo mridhike?

Utaniambia jopo la raia lililosikiliza ushahidi mwaka 1999 lilipiga kura wazazi washtakiwe. Najua. Nimesoma kwamba lilitaka washtakiwe kwa kumtendea mtoto ukatili uliosababisha kifo, mwendesha mashtaka akakataa kutia saini kwa kuona ushahidi hautoshi, na umma haukujua hadi 2013. Najua pia kwamba mwaka 2008 mwendesha mashtaka mwingine alimwandikia baba barua ya kuomba radhi na kuisafisha familia nzima, kwa sababu vinasaba vilivyokutwa kwenye nguo za mtoto ni vya mwanamume asiyejulikana. Na wako wataalamu walioipinga barua hiyo pia. Sijifanyi najua aliyeua. Mtu asiyejua ana haki ya kusema sijui mbele ya watu elfu hamsini, kama ndio wasikilizaji wako, na wala hapungukiwi.

Ila barua ile ya 2008 ilimkuta mama kaburini. Alikufa kwa saratani Juni 2006, akazikwa kando ya bintiye. Miaka yote kumi aliishi anaitwa muuaji na watu wasiowahi kukaa naye chumba kimoja. Miezi miwili tu baada ya kumzika, mtu mmoja akakamatwa Bangkok akidai alikuwa na mtoto alipokufa, dunia nzima ikasema huyu ndiye. Vinasaba vikapimwa, siye. Ninalifikiria hilo nikiwa kitandani.

Na kama mimi ni mzee wa kuogopa vivuli, ogopa basi sheria. Televisheni ya CBS ya huko Marekani walirusha kipindi mwaka 2016 wakimwelekezea kidole kaka yule. Akawashtaki kwa dola milioni 750, na mwaka 2019 wakamalizana naye nje ya mahakama. Wao wana mawakili. Wewe una kipaza sauti na godoro uliloegemeza ukutani ili mwangwi usisikike, ambalo, kwa taarifa yako, ni godoro la mdogo wako.

Lakini sheria siyo hofu yangu. Hofu yangu ni Grégory. Hukumgusa katika kipindi chako, labda humjui. Alikuwa na miaka 4; Oktoba 1984, huko Ufaransa, alikutwa amekufa katika mto Vologne, amefungwa kamba. Msichana wa miaka 15 akamtaja shemeji yake, aliyekuwa binamu wa baba wa mtoto, halafu akayakana maneno yake. Mtu yule akaachiwa Februari 1985. Vinywa havikumwachia. Machi 29 baba wa mtoto akachukua bunduki akamuua. Hapo ungedhani wamekoma. Wakahamia kwa mama. Mwandishi mmoja mashuhuri alikwenda hadi kijijini, mama akakataa kumpokea, akarudi akaandika gazetini kana kwamba alikuwepo mama alipomzamisha mwanawe. Mama yule alisafishwa na mahakama 1993. Muuaji wa Grégory hajahukumiwa hadi leo, lakini mtu mmoja alikwisha kufa na mwingine kuingia gerezani kwa sababu ya jina lililotajwa. Mmoja tu kati ya wasikilizaji wako akiwa na moyo kama wa baba yule, utaishi vipi?

Usilitaje, mwanangu.

Kitu kingine, kabla sijasahau. Ile picha uliyoweka kwenye kipindi, mtoto amepakwa rangi ya midomo na kuvalishwa taji, iondoe. Picha hizo ndizo zilizomhukumu mama yake kabla polisi hawajaandika ukurasa wa kwanza. Kama ni lazima picha, tafuta ya kawaida. Alikuwa wa kwenda shule na daftari zake.

Sasa maneno unayofungulia kipindi. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Unayatamka polepole, halafu muziki. Mdogo wako anadhani uliyasoma mahali. Mimi najua ulikoyatoa. Uliyatoa jikoni kwangu, ukiwa na miaka kumi.

Habari ya mtoto wa jirani siirudii. Ulikuwa ukicheza naye, unaijua, na aliyemuua hajajulikana. Najua pia kwamba kila kesi unayoishika ni hiyo hiyo, hata ikiwa ya Colorado. Sikuzaa mtoto nisiyemwelewa. Ila kuna kipande ambacho huenda hukukishika. Uliponiuliza kama ni kweli wanavyosema juu ya mama yake, nilikuwa naosha vyombo. Sikugeuka hata kukutazama. Nikakujibu kwa methali ile. Hukuniuliza ni akina nani waliokuwa wakisema hakutoa chozi. Walikuwa wengi. Siku ya mazishi, aliyekaa naye bega kwa bega nilikuwa mimi, kwa hiyo walipouliza, neno langu ndilo lililosadikiwa. Miezi mitatu baadaye walihama usiku.

Sikuwahi kukwambia methali hiyo haitoshi. Ningekwambia siku hiyo hiyo, labda ungekuwa unatengeneza vipindi vya mambo mengine. Au vya haya haya, kwa mkono mwepesi zaidi.

Kama unataka kusimulia, simulia yanayofaa. Baba wa JonBenét kwa miaka sasa anaomba vitu vilivyokutwa pale vipimwe upya kwa njia mpya za vinasaba, zile za kufuatilia hadi ukoo wa mtu. Hizo zimefungua kesi za miaka mingi zilizodhaniwa zimekufa. Eleza zinavyofanya kazi, eleza kwa nini polisi wanakawia, watu wapige kelele mahali pa kupigia kelele. Sauti kama yako ikisukuma huko inaweza kufika. Hata ningewasikilizisha shangazi zako.

Huku nyumbani hatujambo. Baba yako goti linamsumbua lakini amekataa fimbo. Mwambie wewe, mimi hanisikii. Bati la chumba chako linavuja tena upande wa dirisha, nimeweka beseni, vitabu vyako nimevihamishia kabatini kwangu. Mdogo wako anaanza mtihani mwezi ujao na hana muda wa kulala sakafuni, kwa hiyo godoro lirudi. Nitumie tu, hata kwa basi.

Katika kuhamisha vitabu nimeikuta sufuria ya jirani, ile kubwa ya vishikio viwili, aliyotuazima kabla ya yote. Alihama bila kuidai nami sikumkimbilia. Mdogo wako alitaka kuitoboa chini apandie maua, nimemkataza, nimeisugua nikaiweka juu ya kabati. Wewe unayejua kutafuta watu hadi Bangkok, nitafutie yeye yuko wapi. Mimi tu. Usimweke kipindini.

Nipigie kabla ya Ijumaa, hata usiku. Siku hizi sisinzii mapema.

Mama yako