Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kwetu Arumeru siku hii ya Machi 22. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu tukicheka utaona meno ya kahawia. Si uvivu wa kupiga mswaki. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuyeyuka katika chemchemi na mito yetu, ukiwemo Mto Maji ya Chai. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Baadhi ya vyanzo vyetu vimepita hapo mara kadhaa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa: miguu ikapinda, mgongo ukakakamaa. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua sufuriani na floraidi hubaki yote.

Kwa hiyo klabu yetu inatengeneza mkaa wa mifupa wa kuondoa floraidi kwenye maji, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa wilayani, kimeishughulikia kwa miaka mingi. Mifupa tunaitoa machinjioni, na kwa kuwa wazazi wameuliza, tunarudia mbele yako: ni ya ng'ombe tu. Tunaichemsha kutoa mafuta, kisha tunaichoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo. Isipoiva, maji yatanuka. Ikiungua hadi kuwa myeupe, nguvu yake hupungua. Tunaitwanga, tunaichekecha, tunaiosha na kuijaza kwenye ndoo yenye koki.

Mkaa huu haufanyi kazi kwa kuzuia taka kama chujio la chai. Mfupa una madini ya kalsiamu na fosfeti, na kila punje ina matundu mengi yasiyoonekana kwa macho, hivyo uso wake ni mpana ajabu. Floraidi ikipita hunaswa kwenye uso huo na kuchukua nafasi ya haidroksidi, sehemu ya madini hayo, iliyokuwepo. Mkaa wa kuni, hata ule ulioongezewa nguvu kiwandani, hunasa vizuri harufu, rangi na viuatilifu, lakini floraidi huiacha ipite.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi hizo hujaa. Zikishajaa, floraidi hupita moja kwa moja, na maji yanatoka maangavu vilevile, bila harufu wala ladha ya kumshtua mtu. Hili ndilo linalotunyima raha. Mama anaweza kuendelea kumnywesha mtoto maji ya ndoo iliyochoka akiamini amemkinga. Meno yetu sisi yameshakomaa na rangi yake. Ya wadogo zetu wa chekechea bado yanajengeka ndani ya fizi, na ndio tunaotaka kuwawahi.

Hivyo hatuombi ndoo zaidi. Tunaomba kipimo cha floraidi pamoja na vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, ili kila ndoo iliyoko kijijini ipimwe na mkaa uliojaa ubadilishwe kwa wakati. Tunaomba pia fundi wa maji atufundishe kuurudishia mkaa nguvu kwa kostiki soda, kazi ambayo walimu wetu wametukataza kuijaribu wenyewe kwa sababu dawa hiyo huunguza ngozi na macho. Ikiwezekana, kipimo kitufikie kabla ya likizo ya Juni, tuanzie na ndoo za chekechea.

Tunaomba kuwasilisha.