Muhula mmoja hautawaponya marais

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima, ila barua yako ya mwisho haijaniacha nitulie. Umeandika kwa uchungu, na mengi uliyoyasema ni kweli tupu: rais akishashusha mkono wa kiapo, macho yake yanahamia kwenye uchaguzi ujao, na nchi inabaki kusubiri. Dawa unayoitaka ni muhula mmoja tu, mrefu kidogo, miaka sita au saba, kisha aende zake bila ruhusa ya kugombea tena. Ugonjwa ulioueleza naukubali. Dawa ndiyo inayonitia shaka, na nisingependa tuliache jambo hili kwa kukubaliana juu juu.

Ushahidi wa ugonjwa upo tele. Donald Trump alipeleka fomu za kugombea tena siku ileile aliyoapishwa, 20 Januari 2017, na kabla mwezi haujatimia alikuwa jukwaani Florida kwenye mkutano wa kampeni. Barack Obama alitangaza kutafuta muhula wa pili Aprili 2011, na uchaguzi wenyewe ulikuwa Novemba 2012. Muhula wa rais wa Marekani ni miaka minne. Ukitoa mwaka wa kwanza wa kupanga serikali, kisha ukatoa na hicho kipindi cha kampeni, muda unaobaki wa kutawala kwa utulivu ni mdogo mno.

Hata hivyo, saa zinazopotelea kwenye mikutano haziniumizi sana. Rais ana mawaziri, ana wataalamu, na kwenda kusikiliza watu ni sehemu ya kazi yake. Kinachoniumiza ni namna raha na maumivu yanavyopangwa kwenye kalenda: raha kabla ya kura, maumivu baada ya kura. Hapo ndipo hamu ya kurudi Ikulu inapoila kazi yenyewe ya kutawala.

Chukua mwaka 1972. Rais wa Marekani, Richard Nixon, alikuwa akitafuta muhula wa pili. Bunge la Marekani lilipitisha nyongeza ya asilimia 20 kwenye pensheni za hifadhi ya jamii. Mwanzoni Nixon aliiona nyongeza hiyo kubwa mno, lakini ilipofika mezani aliitia saini, tarehe 1 Julai. Hundi zenye kiwango kipya ziliwafikia wazee mwanzoni mwa Oktoba, wiki chache kabla ya kupiga kura, na ndani ya bahasha mlikuwa na kikaratasi cha kuwajulisha kwamba sheria ya nyongeza hiyo imetiwa saini na Rais Nixon. Makato ya ziada kwenye mishahara ya wafanyakazi, yale ya kulipia pensheni hizo, yalianza Januari 1973. Hebu mfikirie mfanyakazi akitazama mshahara wake umepungua Januari ile. Yeye hakuletewa kikaratasi chenye jina la mtu.

Siwasemi wazee waliopokea, maana huenda walistahili zaidi ya hapo. Nasema tarehe. Na si hilo peke yake. Agosti 1971 Nixon alizuia mishahara na bei zisipande, na mazungumzo yaliyorekodiwa Ikulu yanaonyesha alivyokuwa akimsukuma Arthur Burns, mwenyekiti wa benki kuu, alegeze fedha, mikopo iwe rahisi, ili ukosefu wa ajira usimharibie uchaguzi. Funika kombe mwanaharamu apite. Kweli akapita: alishinda majimbo 49 kati ya 50. Kombe lilipofunuliwa, mfumuko wa bei ulipanda hadi ukavuka asilimia 10 mwaka 1974. Mwaka huohuo Nixon mwenyewe alijiuzulu kwa kashfa ya Watergate, iliyoanza pale watu waliotumwa na kamati yake ya kuchaguliwa tena walipokamatwa ndani ya ofisi za chama pinzani. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kwa ushindi mkubwa kiasi kile, hakuhitaji lolote kati ya hayo.

Wakati mwingine wanalisema kwa vinywa vyao. Machi 2012, Obama alikutana mjini Seoul na Dmitry Medvedev, rais wa Urusi wakati ule. Waliinamiana kunong'ona, vipaza sauti vikiwa bado vimewashwa, na dunia ikamsikia Obama akimweleza mwenzake kuhusu ulinzi wa makombora: huu ni uchaguzi wangu wa mwisho, ukishapita nitakuwa na nafasi zaidi ya kulegeza. Wapinzani wake walipiga kelele kwa sababu ya Urusi. Mimi niliona jambo kubwa zaidi ya Urusi. Ikiwa uamuzi ni mzuri kwa nchi, kwa nini wananchi wasiujue kabla hawajapiga kura? Na ikiwa ni mbaya, kwa nini aufanye baadaye?

Mpaka hapa najua unatikisa kichwa kwa kukubali. Sasa nifuate mpaka Meksiko.

Meksiko ina hasa kile unachokitaka. Tangu miaka ya 1930 rais wao hutumikia miaka sita, mara moja tu, na katiba inamkatalia kurudi. Mwaka 1994 ulikuwa wa mwisho kwa Rais Carlos Salinas. Ulianza kwa uasi wa Chiapas, jimbo la kusini, na Machi mgombea wa chama chake, Luis Donaldo Colosio, akauawa kwenye mkutano wa kampeni. Wenye mitaji wakaingiwa na hofu, dola zikaanza kuondoka. Peso ilihitaji kushushwa thamani, lakini serikali haikutaka kufanya hivyo mwaka wa uchaguzi. Ilitumia akiba ya fedha za kigeni kuishikilia sarafu, ikaendelea kukopa kwa hati za muda mfupi zilizofungwa kwenye thamani ya dola. Kura zikapigwa Agosti, chama kikashinda, mgombea wake mpya Ernesto Zedillo akaapishwa 1 Desemba. Tarehe 20 mwezi huohuo serikali mpya ikashusha thamani ya peso, na siku mbili baadaye ikalazimika kuiachia ielee, yaani soko lenyewe lipange thamani yake. Katika miezi michache ilikuwa imepoteza karibu nusu ya thamani yake. Mwaka 1995 uchumi ulisinyaa kwa takriban asilimia 6, na watu waliokuwa na mikopo ya nyumba wakajikuta riba imewapanda hadi hawawezi kulipa.

Salinas hakuwa na kura ya kutafuta. Hakuwa na muhula wa pili wa kuuota. Bado maumivu yalisogezwa mpaka baada ya uchaguzi, kwa sababu chama kilikuwa na mgombea, na rais ana watu wake hata kama yeye mwenyewe anaondoka. Ukifuta neno "tena" kwenye katiba, chama hujafuta.

Nitakuwa mwadilifu, maana upo mfano unaokuunga mkono, tena mzuri. Usiku wa 31 Machi 1968, Rais Lyndon Johnson wa Marekani alizungumza na taifa kwa televisheni kuhusu vita vya Vietnam. Mwishoni, katika maneno ambayo wengi hawakuyatarajia, akasema hataomba wala hatakubali kuteuliwa na chama chake kugombea tena. Hakutaka, alisema, kutumia hata saa moja kwa mambo ya chama wakati vijana wa nchi wako vitani. Juni mwaka ule akatia saini kodi ya nyongeza ya asilimia 10 juu ya kodi ya mapato, aliyokuwa akiililia tangu mwaka uliotangulia. Mtu anayetafuta kura hapandishi kodi miezi minne kabla ya uchaguzi. Bajeti iliyofuata ilimalizika kwa ziada, na Marekani haikuona ziada nyingine mpaka mwaka 1998.

Lakini tazama upande wa pili wa mwaka uleule. Johnson alimteua rafiki yake Abe Fortas awe Jaji Mkuu. Maseneta walijua rais huyu anaondoka, hana cha kuwapa wala cha kuwanyima, wakaukalia uteuzi huo mpaka Oktoba ukafutwa. Kulikuwa na sababu nyingine dhidi ya Fortas mwenyewe, sikatai, ila kuondoka kwa Johnson kuliwapa ujasiri. Rais wa muhula mmoja huwa dhaifu hivyo mapema zaidi: kadiri siku yake ya kuondoka inavyokaribia, ndivyo wabunge wanavyogeukia kwa ajaye. Korea Kusini wanalijua hili. Katiba yao ya 1987 inampa rais miaka mitano mara moja tu, na mwaka 2007 Rais Roh Moo-hyun alipendekeza waigeuze iwe miaka minne yenye nafasi ya kurudi mara moja.

Liko pia jambo linaloniogopesha zaidi ya udhaifu. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, alilieleza mwaka 1788, Wamarekani walipokuwa wakijadili katiba yao mpya: mtu mwenye tamaa akijua kwamba hata akifanya vizuri hatarudishwa, atashawishika kuchuma kadiri awezavyo muda ungalipo. Nimelizungusha kichwani nione kama limepitwa na wakati, sioni. Hofu ya wapiga kura ni lijamu. Humpeleka rais pabaya wakati mwingine, lakini ukiivua, umebakiwa na nini cha kumshikia mwaka wake wa sita?

(Wale wanaobadili katiba ili wasiondoke kabisa, kama Uganda ilivyoondoa ukomo wa mihula mwaka 2005 na ukomo wa umri mwaka 2017, nimewaacha kwa makusudi. Hilo ni jambo jingine, na kwenye ukomo wa mihula miwili mimi na wewe hatuna ugomvi.)

Anayenivunja moyo kuliko wote ni rais mwingine wa Marekani, Jimmy Carter, kwa sababu alifanya tunachokitaka. Agosti 1979, mfumuko wa bei ukiwa umewachosha watu, alimweka Paul Volcker kuongoza benki kuu huku akionywa kwamba mtu huyo atabana fedha na riba zitapaa. Zikapaa kweli. Uchaguzi wa Novemba 1980 ukamkuta Carter na riba kali, bei zikiwa bado juu, pamoja na Wamarekani walioshikwa mateka Tehran, Iran, akaangushwa na Ronald Reagan. Machi 1980 mfumuko ulikuwa karibu asilimia 15. Kufikia 1983 ulikuwa chini ya asilimia 4, na sifa zikaenda kwa Reagan. Marais waliomfuata Carter bila shaka waliisoma hesabu hiyo. George Bush, yule baba, alikubali kupandisha kodi mwaka 1990 ili kupunguza nakisi ya bajeti baada ya kuahidi hatapandisha, naye akaangushwa 1992. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini marais wanaogopa kutawala, sehemu ya jibu tunayo sisi wenye kura.

Basi nataka nini? Nataka hamu ya kurudi ibaki, lakini bili ionekane kabla ya siku ya kura. Australia na New Zealand zina mawaziri wakuu badala ya marais, ila tabia ya wanasiasa ni ileile, na tangu miaka ya 1990 sheria zao zinalazimisha hali halisi ya fedha za serikali itangazwe kabla ya uchaguzi. Kule Australia taarifa hiyo inatolewa na makatibu wakuu wa hazina na fedha, na waziri hana mkono ndani yake. Mgombea akiahidi nyongeza, kila mtu anajua kilichomo kwenye kibubu.

Brazil iliruhusu rais kuchaguliwa tena mwaka 1997, na mwaka 2000 ikatunga sheria inayobatilisha nyongeza yoyote ya gharama za watumishi katika siku 180 za mwisho za muhula. Sheria pekee haikutosha. Mwaka 2014 serikali ya Rais Dilma Rousseff ilichelewesha kuzilipa benki za umma zilizokuwa zikitoa mafao kwa niaba yake, hivyo vitabu vikaonekana safi mwaka wa uchaguzi. Akashinda Oktoba, petroli ikapanda Novemba, na mwaka 2015 umeme ukapanda kwa kishindo. Wabrazili mpaka leo wanabishana kama alistahili kuondolewa madarakani mwaka 2016 kwa mambo ya hesabu ya aina hiyo, na mimi nadhani waliomwondoa walikuwa na nia zao. Ila mkaguzi wa hesabu aliyefanya kazi yake mwaka 2013 angemsaidia mpiga kura wa 2014 kuliko kesi yoyote iliyokuja baadaye.

Hapo ndipo ningeweka nguvu zangu zote: benki kuu isiyopigiwa simu kutoka Ikulu, mkaguzi asiyefukuzika, na hesabu zinazosomwa hadharani miezi mitatu kabla ya kura. Rais agombee tena akitaka, lakini agombee na bili yake mkononi.

Sasa zamu yako. Usinijibu kuhusu Nixon, huko tumekubaliana. Nijibu kuhusu Salinas: katika mpango wako wa miaka saba, nani angemzuia? Ukiwa na jibu la kuridhisha, nitahamia upande wako bila kinyongo.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako daima,
Rafiki yako