Barua ya Malalamiko: Mliniambia Kioo Kimekufa, Kumbe ni Taa

Majengo,
Mombasa.

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mombasa.

Kwa Bwana/Bibi,

KUH: RIPOTI POTOFU YA KARAKANA YENU NA VIPURI MNAVYOKATAA KUUZA

Nakuandikia kuhusu runinga ya inchi 43 niliyoinunua katika duka lenu la mjini. Karakana yenu iliipima, ikaandika kwamba kioo kimekufa na haifai tena kutengenezwa, ikanitoza Sh1,500 za upimaji. Kisha kijana wa kaunta akanikabidhi kuponi ya punguzo nikanunue mpya. Runinga hiyo hivi sasa iko sebuleni kwangu na inaonyesha vizuri. Kioo ni kile kile.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Usiku mmoja, taarifa ya habari ikiendelea, picha ilizimika ghafla ikabaki sauti. Mtangazaji aliendelea kusoma, na vituo vilibadilika kila nilipobonyeza rimoti, ila kioo kilikuwa cheusi tititi. Mwanangu alizima taa ya sebuleni, akawasha tochi ya simu na kuimulika kwenye kioo kwa upande, karibu kabisa. Pale palipopata mwanga tuliiona picha: tai ya mtangazaji, maandishi yanayopita chini, vyote hafifu lakini vipo. Fundi yeyote atakwambia maana yake. Kioo cha LCD hakina mwanga wake. Kazi yake ni kuchora picha, na nyuma yake kuna taa za LED zinazoiangaza, zile mafundi wanaziita baklaiti. Kikionyesha picha kwa tochi, basi kioo ni kizima na kinachotafutwa ni taa.

Haya niliyaeleza mapokezi siku nilipoileta, tena nikaomba yaandikwe kwenye fomu, na yameandikwa: "sauti ipo, picha hakuna". Nilichorudishiwa ni ripoti ya mstari mmoja isiyotaja kipimo hata kimoja. Kioo kipya mlinikadiria Sh38,000, na runinga mpya ya ukubwa huo ilikuwa ikiuzwa dukani hapo hapo kwa Sh41,000. Umempeleka mgonjwa wa jicho, unaambiwa kichwa kizima kibadilishwe, na kichwa kipya kiko rafuni, bei yake imebandikwa.

Niliichukua nikaipeleka kwa fundi wa Mwembe Tayari. Alitandika godoro sakafuni, akafungua skrubu za mgongoni, akamwita mwenzake washike kioo kila mtu upande wake, kwa kuwa ni chembamba na kikipindwa kinapasuka, na zile riboni za nyaya za ukingoni zikichanika hapo ndipo kioo kinakufa kikweli. Chini ya kioo kulikuwa na karatasi nyeupe za kutawanya mwanga, na chini ya karatasi mikanda ya taa, kila taa na kikombe chake cha plastiki. Akazipima moja moja. Ziliwaka zote mpaka alipofika mkanda wa kati, akakuta moja ina kidoa cheusi katikati, imeungua. Taa hizi zimeungwa kwa mfululizo, umeme unatoka moja kuingia nyingine, kwa hiyo ikikatika moja njia yote imekatika, na saketi ya ulinzi inazima zilizobaki. Hakubadilisha hiyo moja. Alibadilisha mikanda yote, kwa hoja kwamba zilizosalia zimechoka sawasawa na iliyokufa, na taa mpya kati ya kuukuu huleta doa angavu kwenye picha. Kazi na vipuri, Sh4,500.

Kabla ya hapo alipiga simu kwenye karakana yenu mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika, akaomba auziwe mikanda ya modeli hii. Jibu lenu lilikuwa: "Hatuuzii mafundi wa nje." Akauliza kama mimi mwenyewe, mwenye risiti, naweza kuuziwa. Akaambiwa hata mwenye mali haruhusiwi. Ikabidi azunguke madukani kutafuta mikanda ya aina nyingine yenye urefu ule ule, idadi ile ile ya taa na volti zile zile, kwa maana ziko taa za volti 3 na ziko za volti 6, na ukikosea unaunguza au hupati mwanga. Alifaulu kwa ujuzi wake. Wangapi wameshindwa, wakanunua runinga mpya kwenu, hilo mnalijua nyinyi.

Msimamizi wenu nilipomrudia na runinga iliyopona aliniambia mambo mawili. La kwanza, ati ni stima ya Mombasa, inapotea na kurudi kwa nguvu. Sikatai kwamba stima inasumbua. Ndiyo maana runinga yangu imechomekwa kwenye kifaa cha kuilinda tangu siku ya kwanza. Lakini umeme ukipanda ghafla, aghalabu unaanzia kwenye bodi ya umeme: fyuzi inakatika, kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zinavimba vichwa. Fundi aliipima bodi hiyo, fyuzi nzima, kapasita bapa, volti zinatoka inavyotakiwa. Kilichoiua taa ni joto, na joto hilo mliliweka wenyewe. Runinga ilitoka kwenu mwanga wa nyuma ukiwa 100, na hivyo ndivyo zinavyowashwa zote dukani zipate kung'aa. LED inayosukumwa kwa mkondo mkubwa muda wote hupata moto na kufa mapema. Fundi ameushusha hadi 60, na sebuleni hatuoni upungufu wowote. Kwa nini kijitabu chenu, chenye kurasa tele za namna ya kuunganisha intaneti, hakina sentensi moja inayomwambia mnunuzi ashushe mwanga huo? Kingesema pia runinga isibanwe ukutani pasipo pa kupitisha hewa. Kapasita, kwa kanuni wanayoijua wahandisi wenu, huongeza umri karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopunguzwa. Kwa sisi wa pwani hilo si jambo dogo.

La pili, alisema waranti imekwisha. Kweli imekwisha, na sidai matengenezo ya bure. Nadai kutodanganywa nikiwa tayari kulipa.

Nina redio ya marehemu baba, bado inasema. Ukifungua mgongo wake utakuta karatasi imebandikwa kwa ndani, mchoro wa saketi nzima, kila kapasita na thamani yake. Aliyeiunda alitarajia siku moja itafunguliwa na mtu asiyemjua. Spika yenu ya besi, niliyoinunua pamoja na runinga, imegandishwa kwa gundi pande zote. Ule mpira wa sponji unaozunguka koni, yaani ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, umelika, kama sponji zote zinavyolika kwa muda, na kuubadilisha ni kazi ndogo ya gundi na subira. Ila kuifikia koni yenyewe ni mpaka uvunje kasha. Nanyi mpira hamuuzi, mnauza seti nzima.

Sasa sheria, kwa kuwa naona adabu peke yake haijasaidia. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika nazo kikamilifu. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, kifungu cha 12, inahesabu miongoni mwa madai ya uongo kumwambia mteja kwamba kipuri au matengenezo fulani yanahitajika ilhali hayahitajiki. Mliniambia nahitaji kioo. Sikuhitaji kioo.

Wala msiniambie kwamba vipuri haviwezekani kuwekwa ghalani. Kampuni yenu inauza runinga Ulaya, na huko tangu Machi 1, 2021 kanuni inawalazimu watengenezaji kuwapatia mafundi bodi za umeme, kapasita na viunganishi kwa muda usiopungua miaka 7 baada ya runinga ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni, na kuvifikisha ndani ya siku 15 za kazi. Rimoti anauziwa hata mteja wa kawaida. Najua mikanda ya taa haimo katika orodha hiyo, kwa hiyo msinijibu kwa hoja hiyo. Hoja yangu ni kwamba ghala, namba za vipuri na utaratibu mnavyo tayari. Mombasa ndiyo haimo kwenye orodha ya mnaowajali.

Naomba mnirudishie Sh1,500 za upimaji, maana upimaji haukufanywa. Naomba ripoti ile ifutwe na nipewe nyingine inayosema ukweli, kwani siku nikitaka kuiuza runinga hii namba yake ya utambulisho bado imeandikwa kwenu kuwa imekufa. Naomba pia jibu la maandishi, lenye jina la afisa anayehusika, kama mtawauzia mafundi wa nje mikanda ya taa na bodi za umeme za modeli zenu, na kwa bei gani. Fundi wangu ameniambia yuko tayari kulipa kabla ya kupokea.

Nimeambatisha nakala ya risiti ya ununuzi, fomu ya mapokezi, ripoti yenu, risiti ya fundi, na picha ya mkanda wenye taa iliyoungua. Mkanda wenyewe ninao, mkiutaka njooni muuone. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, malalamiko haya nitayapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya yakiwa na viambatisho vyote. Nambari yangu ya simu mnayo kwenye fomu. Ndiyo hiyo mnayonitumia ujumbe wa kuponi kila Ijumaa, nao pia naomba usitishwe.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Majengo.