Poligoni ni kona au ni pande?

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kwenye barua za wasomaji maana hili jambo la hesabu linanikera. Binti yangu kaingia form one mwaka huu, kule msingi alizoea pembetatu, mstatili, mraba, sasa daftari limejaa pentagoni, heksagoni, oktagoni na kazi ni kukariri tu, ukimuuliza poligoni ni nini anajibu "umbo lenye pande nyingi" basi kamaliza. Jibu sio kosa, ila neno lenyewe halisemi pande jamani. Ni Kigiriki, poli ni nyingi, gonia ni kona au pembe, kwahiyo pentagoni kona 5, heksagoni 6, oktagoni 8 kama kile kibao chekundu cha STOP barabarani. Ukishajua hivyo unabaki kushika namba tu.

Kinachochekesha ni kwamba Euclid mwenyewe, mzee wa jiometri, alihesabu pande, umbo lenye mistari zaidi ya minne akaliita la pande nyingi. Halafu Waingereza wakaja kuchanganya, pembenne wakaita kwadrilaterali, hicho ni Kilatini na maana yake pande 4, wakati pentagoni, heksagoni na oktagoni ni Kigiriki cha kona! Mtoto atajuaje kama hajaambiwa ni lugha mbili tofauti? Hata sisi mraba tumeutoa kwa Waarabu, arbaa, nne, ileile iliyozaa arobaini.

Anayebisha kipi sahihi kati ya kona na pande amwangalie mpima viwanja akiwa kazini. Anafukia bikoni kwenye kila kona, bikoni 5 mipaka 5, haikwepeki, na kiwanja kikikatwa kikawa na umbo la L ni bikoni 6 mipaka 6 na bado ni poligoni, ilimradi mistari imenyooka na wa mwisho umerudi ulipoanzia wa kwanza. Duara ndo halimo.

Sasa wanaotunga vitabu vya form one wanashindwa nini kuweka mistari miwili ya asili ya haya maneno, na kando yake waandike pembenyingi, maana hawa watoto msingi yote wamesoma kwa Kiswahili? Mwalimu mmoja nimemuuliza kasema silabasi ndefu, muda hautoshi. Dakika 5 mwalimu wangu?

Mzazi, Morogoro